Barua Zilizoishia Nyumbani Kwangu

Uingereza,
Novemba 1999

Mdogo wangu Raeli,

Chamgei. Nakusalimu ukiwa hapo jikoni kwako Kimulot, moshi ukikuingia machoni kwa sababu mpaka leo umekataa kujengewa bomba la moshi. Kifua kinasemaje? Na lile goti la kulia, bado linakuzuia kupanda shamba la juu? Ng'ombe mweusi alizaa ndama wa kike, au amekuletea dume tena? Mimi niko kwa binti yangu Chebet, chumba cha juu, dirisha linatazama ukuta wa matofali. Wananilisha vizuri, ila viazi vyao havina ladha hata ukivichemsha na kitunguu. Ningepata viwili vya Londiani ningekula na maganda. Moyo wangu umechoka. Daktari wangu ni mama wa umri wa Chebet, na si mtu wa kudanganya. Nilimwuliza kama nitaiona Pasaka, akatazama viatu vyake. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla sijaendelea, nina neno na huyo anayekusomea. Kiprono, mtoto wa dada yangu, nilikupa bahasha hii ikiwa imefungwa, nawe ukaniahidi hutaifungua mpaka uketi mbele ya mama yako. Nakuamini. Sasa soma kwa sauti, polepole, na usiruke hata mstari mmoja. Ukifika mahali panapokukasirisha, soma. Ukifika mahali panapomliza mama yako, mngoje anyamaze, kisha usome. Mimi nilikuwa naruka, na kwa sababu hiyo mmekaa miaka minne bila kusikiana.

Raeli, wewe umekuwa ukisema kanisani kwamba una mtoto aliyekusahau Ulaya. Yeye naye amekuwa akijua kwamba mama yake alimkana. Hakuna aliyesahau na hakuna aliyekana. Nilikuwa katikati yenu na niliwadanganya wote wawili. Nimelisema mapema nisije nikaogopa nikifika mbele.

Unakumbuka nilivyoanza kusomea watu barua. Baba alinipeleka shule, wewe ukabaki na ndama, kwa sababu alisema ndama hawawezi kujichunga. Jambo hilo linaniuma hata leo. Ulikuwa na akili kunishinda. Niliporudi kufundisha, akina mama walinijia kila Jumapili baada ya ibada, barua zimefungwa kwenye leso. Mtoto yuko Mombasa, mume yuko kwenye reli, ndugu yuko jeshini. Nilisoma. Na nilipoona mume ameandika kwamba ameoa mke mwingine huko aliko, niliruka. Nilipoona kijana anamtukana baba yake, nililainisha. Akina mama walienda nyumbani wakicheka, wakisema Mwalimu anasoma vizuri sana. Nilifikiri hiyo ni huruma. Hata barua za kujibu nilijaza maneno yangu, na hakuna aliyejua. Nilizoea, Raeli. Kufikia siku nilipostaafu, nilikuwa naamini kabisa kwamba barua ya mtu asiyejua kusoma ni mali yangu kwanza.

Halafu nikathubutu kuwakasirikia wengine! Na nilikasirika kweli. Unakumbuka barua za Kiprono zilivyokuwa zikitufikia alipokwenda kusoma huku, bahasha imebandikwa tena kwa gundi ya kuvuja, kona moja imekunjwa. Karani mmoja wa kugawa barua, ambaye sitamtaja, alikuwa akizifungua na kupeleka habari kwa wakubwa. Mtoto aliuliza tu kwa nini miti ya msitu wetu inakatwa huko juu, na mito inapungua, na wiki haikuisha kabla chifu hajakufuata kwenye banda la kupimia majani ya chai, umesimama na kikapu chako ukingojea lori la kiwanda.

"Mama Kiprono," akasema, "kijana wako anatafuta nini msituni, na yeye yuko Ulaya?"

Ukamjibu mbele ya watu wote, "Chifu, kama umeshasoma barua, si ungemjibu kabisa? Ungenipunguzia kazi."

Banda zima lilicheka. Yule karani wa mizani alicheka mpaka akakosea kupima. Nilijivunia wewe siku hiyo. Na nilikwenda nyumbani nikiwa nimewaka moto. Serikali gani hii, nilisema, ambayo haiwezi kuweka muramu kwenye barabara ya kwenda kiwandani, majani ya watu yanalala bandani mpaka yanageuka mekundu na kutupwa, lakini ina nafasi ya kusoma barua ya mtoto kwa mama yake! Bado nasema hivyo. Hapa nilipo, mtu wa posta husukuma barua kwenye tundu la mlango na kwenda zake. Hajui jina langu wala kabila langu, na hajawahi kufungua hata bahasha moja. Kila asubuhi nikisikia tundu lile likilia, nafurahi, halafu naona haya.

Kiprono ndiye aliyeleta dawa, alipokuja Disemba iliyofuata amebeba kompyuta kwenye sanduku la nguo. Mlidhani ni televisheni. Alichagua nyumba yangu kwa sababu nilikuwa na umeme wa kutoka upande wa kiwanda, na ile simu niliyopewa nikiwa mwalimu mkuu. Siku mbili alikaa sakafuni na waya. Kile kisanduku cha kuunganisha na simu kilipolia mara ya kwanza, wewe ulisema kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Akanieleza, na mimi, mwalimu wa hesabu, nilielewa. Hatutakuwa na sanduku la barua kwa mtu mwingine, alisema. Barua zetu zitakaa kwetu, kwenye mashine yetu wenyewe, hapa kando ya magunia ya mahindi. Barua ikitoka kule inafungwa kwa ufunguo ambao mashine mbili tu ndizo zinaujua, ya kwake na yangu. Itapita kwenye mashine za watu Nairobi, itapita kwenye waya wa serikali unaoning'inia juu ya mashamba ya chai, lakini itapita ndani ya bomba letu.

"Na yule karani wa barua akichungulia?" nikamwuliza.

"Ataona takataka, Mjomba. Herufi zimemwagika kama mtama."

"Na chifu?"

"Chifu aandike barua yake mwenyewe."

Tukacheka. Kisha nikamwuliza, "Na bomba linaishia wapi?"

Akanipiga begani kidogo, kwa heshima. "Linaishia kwako, Mjomba. Hapo hakuna wasiwasi."

Kiprono, usisite. Soma hayo. Ulijenga kitu kizuri. Hakikuvuja Nairobi wala kwenye waya. Kilivuja mwishoni, mahali ulipoona hapahitaji kulindwa.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa ya furaha. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajaanza kupiga simu, mashine ililia, barua ikaingia, nikaipiga chapa kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, nikavaa gumbuti na kuja kwako. Ulikuwa ukishika karatasi kwanza. Ulipapasa matundu kwa kidole, pande zote mbili, kisha yale meno madogo juu na chini mahali karatasi inapochanika. Ndipo uliposema, "Haya, Mwalimu, isome." Nikimaliza uliikunja na kuiweka kwenye lile kopo la bati la majani, juu ya kabati. Ulizijua zote kwa kichwa. Mara moja nilirudia barua ya zamani nikasahau sentensi, ukanirekebisha.

Sasa nafika penyewe.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, chai inachipua vizuri. Ilikuja barua ya Kiprono yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa salamu na habari za masomo. Ya pili ilihusu msitu. Wewe unakumbuka msitu ulivyokatwa. Mheshimiwa wetu alikuja na gari tatu, akagawa sukari na leso, akatuambia nchi ni yetu, kisha akagawa msitu kwa watu wake kama mtu anayekata keki ya harusi. Mbele ya watu aliapa kwamba hakuna mtu aliyepewa hata shubiri. Kiprono aliandika kwamba rafiki yake aliyefanya kazi kwenye ofisi ya ardhi amemwahidi orodha ya majina yote. Aliandika kwamba atakuja Disemba, asimame kwenye mkutano, aisome mbele ya wananchi. Lakini alikuuliza wewe kwanza. Hakuniuliza mimi.

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai yangu ikapoa. Nilijiambia namwogopea mtoto. Watamfunga, watamvunja miguu, Raeli atabaki na nani? Maneno hayo nimeyasema miaka minne, hata kwa mchungaji, na yalikuwa na ukweli kiasi. Lakini leo sina muda wa kiasi.

Raeli, jina langu lilikuwa kwenye orodha hiyo.

Ndiyo. Mimi, mwalimu, mzee wa kanisa, niliyekuwa nikipiga meza kila jioni nikiwatukana wezi wa msitu. Mheshimiwa alikuwa mwanafunzi wangu. Aliniita siku moja akasema, "Mwalimu, ulinifundisha kuhesabu, na mimi siwezi kukusahau katika hesabu." Akanipa kipande huko juu, karibu na pale tulipokuwa tukienda kutafuta asali na baba. Nilikataa kwa mdomo. Mkono ulipokea. Niliwaambia ninyi kwamba shamba la ile chai niliyopanda huko nimelikodi kwa mtu. Na niliendelea kumtukana Mheshimiwa, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu mtu akitukana sana hakuna anayemwuliza. Nimesikia amechaguliwa tena, na sasa amekuwa mlinzi wa mazingira, anapanda miche mbele ya wapiga picha. Nilitema mate niliposikia. Chebet akaniuliza, "Baba, huyo amekufanyia nini?" Nikaomba maji, maana amenifanyia wema.

Basi nilichukua mkasi wa marehemu mke wangu, nikaikata barua katikati. Nusu ya juu nikaja kukusomea. Uliipapasa kama kawaida. Pembeni, juu, chini. Ukasimama hapo chini.

"Mwalimu, mbona hii ni fupi?"

"Ndiyo yote aliyoandika."

"Zingine zina meno huku chini kama kitana. Hii imekatwa."

"Mashine imekosea."

"Kumbe siku hizi mashine inatumia mkasi?"

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi. Ukaikunja na kuiweka kwenye kopo, na ulipogeuka hukuwa unacheka tena, lakini mimi ni kaka yako na mimi ndiye nisomaye, ungesema nini?

Jioni ile ile nilimjibu Kiprono kwa jina lako. Niliandika hivi, na nalikumbuka kila neno: "Usije. Mtoto anayewaaibisha wazee mbele ya watu si mtoto wangu. Ukija, nyumba yangu utaikuta imefungwa. Usiniandikie tena." Halafu, ili asibishane, nikaongeza kwamba mjomba wake ameyasikia maneno haya na anayaunga mkono. Wewe unajua kwetu neno la kaka wa mama lina uzito gani juu ya mtoto. Baba anaweza kukasirika na ikaisha, lakini mjomba akikasirika mtu hupoteza usingizi. Nililitumia hilo kwa kulijua. Mjomba amewekwa kuwa ukuta wa mtoto, nami niliugeuza ukuta ukamwangukia.

Kisha nikachomoa waya wa simu kwenye mashine. Wiki hiyo mvua ya mawe ilikuwa imeshuka, mliokota mawe makubwa kama mayai ya kanga, na radi ilikuwa imeua ng'ombe wawili kule chini kuelekea Merigi. Nikakwambia radi imepita kwenye waya ikaichoma mashine. Nani angekataa? Kwetu radi huchoma kila kitu. Ulikuja siku iliyofuata na kuku mkononi, ukasema, "Mwalimu, haiwezi kwenda kwa fundi Kericho? Mpe huyu kuku, na akitaka mwingine yupo." Nikampokea kuku yule. Tulimla. Mashine ilikuwa chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa gunia la mbolea, nzima kabisa.

Miaka minne uliniuliza kama kuna barua kwa njia ya posta. Hakukuwa nayo. Kiprono alikuwa ametii. Kila Disemba ulikausha sotet, kile kibuyu chako, ukaisugua kwa makaa, ukaijaza maziwa, ukamkataza kila mtu kuinywa. Mwezi wa pili ulimwaga, ukaosha. Mimi nilikuwa nikipita njiani na kusalimu.

Nilipoletwa hapa kwa ajili ya moyo, Chebet alimtafuta Kiprono bila kuniuliza, akidhani ananifurahisha. Nilifungua macho siku moja hospitalini nikamkuta ameketi kwenye kiti, amepata mvi kidogo masikioni, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtoto wa shule. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza habari za goti lako. Alijuaje goti lako? Kumbe amekuwa akiuliza kila mtu wa kwetu anayekutana naye, kwa siri, asivunje amri yako.

Nilimwambia, "Nenda nyumbani."

Akasema, "Mjomba, mama alisema nitakuta nyumba imefungwa."

"Nenda."

"Unafikiri atanifungulia?"

Raeli, nilizaa watoto sita, nilizika wawili, nilimzika mke wangu, sijalia namna ile. Naye akadhani ni moyo, akamwambia muuguzi aje haraka. Hata hapo sikusema. Nililala siku tatu nikiandika barua hii, ndipo nikamwita nikampa bahasha. Sikutaka kumwambia hapa, peke yake, akanisamehe kwa sababu ninakufa. Mlikosewa wawili, na ni haki yenu kusikia pamoja, hapo ambapo nilianzia kuwadanganya.

Kiprono, orodha ile kama bado unayo, au ukiipata, isome. Usiniruke kwa sababu nimekufa. Lisome jina langu kwa sauti ile ile utakayosomea la Mheshimiwa. Karatasi ya kile kipande cha msitu iko kwenye sanduku langu la chuma, Chebet ana ufunguo, na nimemwandikia kwamba hakuna mtoto wangu atakayekirithi. Mashine iko chini ya kitanda bado. Ukiifufua, mwisho wa bomba usiwe kwa mtu mwingine yeyote. Mfundishe mama yako kusoma. Yeye aliyejua meno ya karatasi kwa vidole, herufi zitamshinda?

Nisalimie Mama Chelangat, jirani yako, mwambie zile mbegu za maharagwe sikusahau kumrudishia, nilikufa nazo. Mzee Arap Bett wa rika langu, ambaye huwa unampelekea maziwa, mwambie nimemtangulia kwa mara ya kwanza maishani. Mchungaji umwambie kila kitu. Asinipambe siku ya maziko.

Raeli, sikuombi msamaha kwenye karatasi. Umeshapewa karatasi nyingi na mimi. Ninakuomba kitu kimoja tu: inuka, ufikie lile kopo la bati juu ya kabati. Ile karatasi fupi itakuwa karibu na juu, hukuweka nyingine baada ya hapo. Kiprono, angalia ndani ya bahasha hii, nyuma ya ukurasa wa mwisho. Kuna kipande chenye meno upande mmoja na kimekatwa kwa mkasi upande wa pili. Nilishindwa kukichoma. Viwekeni mezani vishikane.

Chini kabisa ya kipande hicho kuna swali ambalo uliuliza, Kiprono, na halikumfikia mwenyewe. Usilisome. Iweke barua hii chini, mtazame mama yako, umwulize kwa mdomo wako.

Mimi nimetoka katikati.

Kaka yako,
aliyekuwa akikusomea.